Kuzunguka visiwa vya Ugiriki kwa meli: mwongozo wa safari ya kiangazi

Wengi wanaopanga likizo ya visiwa vya Ugiriki huanza kwa kuandika majina waliyoyasikia: Santorini, Mykonos, Krete, pengine na Corfu. Kisha wanatafuta meli za kuviunganisha, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Corfu iko Bahari ya Ionia, magharibi ya bara. Mykonos iko Bahari ya Aegean, mashariki. Hakuna meli ya kukutoa kimoja ikupeleke kingine. Katika mwongozo huu tunaanza na meli, visiwa vinafuata. Ukipanga hivyo, unatumia muda mchache bandarini na mwingi ufukweni, na nauli nayo inapungua.

Hatua ya 1: Chagua kundi moja, na ndani yake njia moja

Visiwa vya Ugiriki vimegawanyika makundi makundi. Karibu na Athens kuna Saronic (Aegina, Hydra, Spetses), ambavyo unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni. Magharibi ni visiwa vya Ionia, kaskazini ni Sporades, na mashariki kabisa, pua na mdomo na Uturuki, ni Dodecanese: Rhodes, Kos, Patmos na wenzao. Katikati ya Aegean ni Cyclades. Kwa safari ya kwanza nakushauri uende Cyclades, kwa kuwa visiwa vyake vimekaribiana na wakati wa kiangazi meli ni nyingi.

Hata ndani ya Cyclades kuna njia. Ya kaskazini inapita Syros, Tinos na Mykonos. Ya kati inapita Paros, Naxos, Ios na Santorini. Ya magharibi inapita Kythnos, Serifos, Sifnos na Milos. Ukifuata njia moja, karibu kila siku utapata meli ya kukusogeza kisiwa kinachofuata. Ukitaka kukata kutoka njia moja kwenda nyingine, mathalani Sifnos kwenda Naxos, utakuta meli ni za kubahatisha, siku nyingine hakuna kabisa, na mara nyingine inabidi ushuke Paros ubadilishe.

Kwa siku 10, visiwa vitatu vinatosha. Najua kishawishi cha kuongeza cha nne na cha tano, lakini kila siku ya kuhama inakula nusu ya siku: kufunga mizigo, kuacha chumba, kusubiri meli iliyochelewa, kutafuta chumba kipya. Mpango ninaoupenda kwa mgeni ni huu: Paros siku 3, Naxos siku 4, Santorini siku 2, na usiku wa mwisho Athens. Paros hadi Naxos kwa meli haifiki saa moja, na Naxos hadi Santorini ni kama saa mbili. Naxos nimeipa siku nyingi kwa makusudi. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, kina mlima Zas wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000, vijiji vya mlimani, viazi na jibini vya kwao wenyewe, na fukwe ndefu za mchanga ambazo hakuna anayekudai senti kuzikanyaga. Bei zake pia ni za kibinadamu ukilinganisha na Santorini au Mykonos.

Hatua ya 2: Viza kabla ya tiketi ya meli

Ugiriki imo ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza. Ukazi wa Oman, Imarati au Uingereza hauondoi hitaji hilo, kwa sababu kinachoangaliwa ni pasipoti yako. Mwenye kibali cha ukazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uswidi, ndiye anayeingia bila viza nyingine. Huyo abebe vyote viwili, pasipoti na kibali.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni Euro 90. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, lakini kwa likizo ya Julai au Agosti usisubiri ukingoni, maana miadi huisha mapema. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau Euro 30,000 kwa matibabu. Kama Ugiriki ndiko utakakokaa siku nyingi kuliko nchi nyingine za Schengen, ombi lako lipelekwe kwao.

Tiketi za meli nunua baada ya viza kutoka. Kwenye ombi, maelezo ya ratiba na vyumba ulivyoweka kwa masharti ya kuweza kughairi ndiyo yenye uzito.

Kuna jambo moja linalowaponza watu wanaochagua upande wa Dodecanese. Kos, Rhodes, na hata Samos iliyo kaskazini ya kundi hilo, zina boti za kwenda Uturuki, safari fupi na matangazo yake yapo kila kona ya bandari. Ukipanda boti hiyo umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, hutaruhusiwa kurudi kisiwani hata kama begi lako liko hotelini. Hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja kabla ya kufikiria safari hiyo. Kuzunguka visiwa vya Ugiriki vyenyewe hakuna mhuri, ni nchi moja.

Hatua ya 3: Meli kubwa au boti ya kasi

Aina ya chombo utakachopanda ndiyo itakayoamua safari yako iwe ya raha au ya kutapika.

Meli kubwa za kawaida, kama zile za Blue Star Ferries, hubeba magari, malori na mamia ya abiria. Zina sitaha za wazi, mgahawa, na nafasi ya kutembea. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi Paros ni saa nne na kitu, Naxos kama saa tano na nusu, Santorini saa saba na nusu hadi nane. Boti za kasi, kama za SeaJets, hupunguza muda huo sana, lakini nauli yake mara nyingi inakaribia mara mbili, nyingi hazikuruhusu kukaa nje, na bahari ikichafuka hurukaruka juu ya mawimbi mpaka watu wanashika viti.

Na bahari huchafuka. Julai na Agosti Aegean ina upepo wake wa msimu, meltemi, unaovuma kutoka kaskazini kama kaskazi yetu, ila wenyewe unakuja katikati ya kiangazi chao. Mgeni hudanganywa na anga, kwa sababu meltemi huja na mbingu ya buluu isiyo na wingu hata moja. Unaweza kuwa umekaa kwenye kivuli unakunywa kahawa, jua linawaka, na meli zote zimezuiwa. Huzidi nguvu mchana, na ukianza unaweza kuendelea siku kadhaa.

Walinzi wa pwani wa Ugiriki ndio wanaotoa amri ya kuzuia meli kwa kufuata kipimo cha upepo cha Beaufort. Boti za kasi huzuiwa mapema. Meli kubwa huendelea mpaka upepo ufike karibu 8 au 9. Kwa hiyo ushauri wangu hauna kona: Piraeus kwenda kisiwa cha kwanza, na kisiwa cha mwisho kurudi Piraeus, panda meli kubwa. Boti ya kasi itumie kwenye vipande vifupi vya katikati, tena kama saa zake zinakufaa.

Mtu anayesumbuliwa na kichefuchefu cha bahari akae katikati ya meli, upande wa chini, au atoke sitahani atazame mstari wa upeo. Dawa inamezwa kabla ya kuondoka, siyo baada ya tumbo kuanza kugeuka. Tangawizi ya kutafuna inasaidia wengi.

Hatua ya 4: Kukata tiketi

Tiketi zinapatikana kwenye tovuti za kampuni, kwenye tovuti zinazokusanya kampuni zote, na kwa mawakala wenye vibanda karibu na kila bandari. Ratiba za kiangazi hazitoki zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukitafuta Januari ukakosa meli ya Julai usikate tamaa, rudi baada ya wiki chache.

Kiti cha kawaida kwenye meli kubwa, Piraeus hadi Naxos, ni kama Euro 50 hivi wakati wa msimu. Boti ya kasi hufika Euro 80 na zaidi. Tiketi ya chini kabisa kwenye meli kubwa haina namba ya kiti: unakaa popote ukumbini au sitahani. Kama mnasafiri na mzee au watoto, ongezeni Euro chache mpate viti vyenye namba. Safari ya mchana haihitaji chumba cha kulala. Watoto wadogo chini ya miaka 5 kwa kawaida hawalipi kwenye meli kubwa, lakini lazima nao wakatiwe tiketi yenye jina lao.

Kabla ya kulipa, kagua haya bila haraka:

- Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti.
- Santorini kwenye tiketi na mbao za bandari mara nyingi huandikwa Thira. Ni kisiwa kilekile.
- Baadhi ya visiwa vina bandari mbili. Amorgos ina Katapola na Aegiali, na umbali kati yake ni mrefu kwa mtu mwenye begi. Weka chumba upande ambao meli yako inatia nanga.
- Saa zinaandikwa kwa mfumo wa saa 24. Tiketi inayosema 07:30 ni saa 1:30 asubuhi. Inayosema 00:20 tarehe 14 Agosti ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Ukifika bandarini tarehe 14 jioni, meli imeondoka tangu usiku uliopita.

Kuna siku za Agosti ambazo tiketi ni za kugombania. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Bikira Maria, na Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao kwa wingi. Tinos, kwenye kanisa lake la hija, hufurika waumini, wengine wakipanda mlima kwa magoti kutoka bandarini hadi kanisani. Kama tarehe zako zinaangukia wiki hiyo, kata tiketi na chumba miezi kadhaa kabla, au sogeza safari mpaka Septemba. Ukiniuliza mimi, Septemba ndiyo bora: bahari bado ina joto, umati umepungua, na meltemi imeanza kuchoka.

Hatua ya 5: Fika Piraeus ukiwa na muda

Bandari kuu ya Athens ni Piraeus. Tangu mwaka 2022, treni ya Metro ya mstari wa 3, wa buluu, inatoka uwanja wa ndege mpaka Piraeus moja kwa moja, mwendo wa takriban saa moja, nauli Euro 9. Usiku wa manane, treni zikiwa zimelala, basi la X96 linafanya kazi saa 24.

Bandari hii ni kubwa. Ina malango yaliyopewa namba kuanzia E1, na kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni mwendo mrefu wa kuchosha. Meli nyingi za Cyclades huondokea E7, karibu na kituo cha Metro. Za Dodecanese mara nyingi ziko E1, upande wa pili kabisa, ambako kuna basi la bure la ndani ya bandari. Saronic ni E8. Lakini usiende kwa kukariri: lango lako tazama kwenye tiketi au ujumbe wa kampuni siku ya safari, kwa sababu hubadilika. Fika saa moja kabla. Meli ya saa 1:30 asubuhi haikusubiri, na kama ndege yako inatua alfajiri, usifunge mahesabu kwa dakika. Lala Athens au Piraeus usiku mmoja.

Anayekwenda Andros, Tinos au Mykonos aangalie pia bandari ya Rafina. Iko upande wa mashariki, karibu zaidi na uwanja wa ndege, na ni ndogo kiasi cha kuiona yote kwa mara moja. Kwa Kea, bandari ni Lavrio, na Kythnos nayo ina meli za kutoka huko.

Hatua ya 6: Kupanda

Unaingilia nyuma ya meli, kwenye ulimi mkubwa wa chuma, mlango mmoja na malori. Pikipiki zinakupita kushoto, mabaharia wanapiga filimbi na kupungia mikono, harufu ya dizeli imejaa. Usisimame katikati kutafuta simu. Tiketi iwe tayari mkononi, na pasipoti karibu.

Ndani ya gereji, ukutani, kuna rafu za mizigo zenye majina ya visiwa. Jifunze kuyatambua kwa herufi za Kigiriki: ΠΑΡΟΣ ni Paros, ΝΑΞΟΣ ni Naxos, ΘΗΡΑ ni Thira, ΠΕΙΡΑΙΑΣ ni Piraeus. Weka begi kubwa kwenye rafu ya kisiwa chako, lifunge kitambaa cha rangi inayoonekana, na panda nalo dogo. Pesa, pasipoti, dawa, simu na sweta havibaki chini. Sweta usilidharau hata kama nje ni nyuzi joto 35, kwani ukumbini kiyoyozi kinapuliza na sitahani upepo haupoi.

Kahawa na maandazi ya jibini au mchicha vinauzwa ndani, kwa bei ya melini. Wagiriki wengi huja na koulouri, ule mkate wa mviringo wenye ufuta unaouzwa na wachuuzi bandarini, na chupa kubwa ya maji. Fanya kama wao.

Hatua ya 7: Kushuka

Meli hukaa kisiwani dakika chache tu. Tangazo likisomwa kwa Kigiriki kisha kwa Kiingereza, shuka gereji mara moja, chukua begi, simama na wenzako. Utasikia minyororo, meli inageuka inarudi kinyumenyume mpaka gatini, ulimi unashushwa huku bado inasogea, mwanga unaingia ghafla, na umati wote unatoka pamoja na magari. Hakikisha ni kisiwa chako. Meli ya Santorini hupitia Paros na Naxos kabla, na kuna siku huchelewa, hivyo ukihesabu saa peke yake unaweza kushuka pasipo pako. Tazama simu, ramani itakuonyesha uko wapi.

Santorini ina jambo lake. Meli haziendi Fira, mji mkuu wa kisiwa, zinakwenda Athinios, gati lililobanwa chini ya genge, na barabara ya kupanda juu inajipinda mara nyingi. Mabasi ya kwenda Fira husubiri meli, lakini hujaa upesi, kwa hiyo usizubae. Ile ngazi maarufu na magari ya kamba yapo bandari ya zamani, inayotumiwa na watalii wa meli za kifahari, siyo yako.

Hatua ya 8: Kisiwani

Mabasi ya visiwani yanaitwa KTEL na yanatosha kwa Naxos, Paros na Santorini. Ukitaka kukodi gari au pikipiki, tafuta leseni ya kimataifa ukiwa bado nyumbani. Kampuni nyingi za kukodisha hazikuruhusu kupandisha gari lao melini bila idhini, kwa hiyo kodi upya kila kisiwa. Hotelini utadaiwa kodi ya serikali kwa kila chumba kwa usiku, nje ya bei uliyolipa. Ni halali, siyo ulaghai.

Nyama ya halali ni adimu, lakini mtu hatalala njaa: samaki na pweza wa kuchoma, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali, na fava ya Santorini, yaani punje za njano za jamii ya kunde zilizopondwa zikamiminiwa mafuta ya zeituni na vitunguu. Nyanya na hoho hizo wakati mwingine hutiwa nyama ya kusaga ndani, basi uliza kabla ya kuagiza.

Mwenye siku za ziada Naxos apande Express Skopelitis, kimeli kidogo kinachounganisha Naxos na visiwa vidogo vya Iraklia, Schinoussa na Koufonisia, hadi Katapola kule Amorgos. Kinayumba haswa upepo ukiwapo. Lakini hupeleka watu, mboga na barua kwa vijiji vya huko, na abiria wake wengi ni wenyeji wanaosalimiana kwa majina. Koufonisia unaizunguka kwa miguu, na maji yake ni ya rangi ambayo picha haijawahi kuitendea haki.

Hatua ya 9: Meli zikizuiwa

Kampuni itakutumia ujumbe, kwa hiyo wape namba inayofanya kazi Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inakupa haki ya kuchagua: urudishiwe nauli, au usafirishwe kwa meli nyingine bila malipo ya ziada. Haki hiyo unayo safari ikifutwa au kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90, hata kama sababu ni upepo. Fidia ya ziada na chumba cha hoteli kwa gharama yao hazitolewi kama kilichozuia ni hali ya hewa. Piga simu hotelini unakokwenda mapema, eleza, na muulize mwenye nyumba ulipo kama chumba chako kipo usiku wa pili. Wenyeji wamezoea, na wengi watakusaidia.

Amri ikiondolewa, meli ya kwanza hujaa. Mwenye tiketi iliyokwisha kubadilishwa ndiye anayepanda, kwa hiyo nenda kwa wakala siku ileile ya kuzuiwa, usingoje kesho.

Hatua ya 10: Kurudi

Usipange kushuka melini na kupanda ndege ya kimataifa siku moja. Rudi Athens siku moja kabla, au mbili kama ni Agosti na utabiri wa EMY, mamlaka ya hali ya hewa ya Ugiriki, unaonyesha upepo wa 8. Ukimaliza Santorini na pesa inaruhusu, kuna ndege fupi ya kwenda Athens, na ndege haijali mawimbi. Meli kubwa za kutoka Santorini nyingi huingia Piraeus usiku, nyingine usiku mwingi, hivyo weka chumba karibu na bandari, na asubuhi panda Metro ya buluu hadi uwanja wa ndege.